Mgomo wa Chumba cha Rangi

Siku ya kustaafu wengine hupewa saa ya ukutani na maua. Mimi nilipewa saa peke yake, nayo haikuwa inatembea. Nikasimama mbele ya meneja na wafanyakazi wote nikasema hii kweli ndiyo saa ya kampuni, maana kila tulipodai malipo ya kazi za ziada tuliambiwa muda haujafika. Watu wakacheka. Meneja naye akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanipa mkono. Hilo ndilo lililoniuma. Tusi nimelinoa miaka na miaka, halafu adui analipokea kama peremende.

Nilikuwa mfanyakazi wa idara ya rangi katika kiwanda cha nguo. Mapipa yanachemka, mvuke unapanda, kitambaa kinaingia cheupe kinatoka chekundu, na wewe unakohoa bluu. Si mfano huo. Nilikohoa bluu kweli, na mke wangu alizifua leso zangu mbali na nguo za watu. Ungeniuliza wakati ule rangi ni nini, ningekujibu kuwa rangi ni kitu kinachokula kucha za maskini ili tajiri apendeze. Nilisema hivyo kwenye mkutano mmoja nikapigiwa makofi, basi nikawa nasema kwenye kila mkutano. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Elimu yangu niliiokota: magazeti yaliyofungiwa vitu sokoni, vijitabu visivyo na jalada, na kamusi iliyochanika ikaishia katikati ya herufi U, kwa hiyo uvumilivu sikuufikia. Kiwandani waliniita Kipaza. Wenzangu walilitoa jina hilo kwa heshima. Mabosi walilitoa kwa sababu ya maumivu ya kichwa.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umweke nyumbani mchana kutwa.

Nilibishana na redio. Nilimweleza muuza maji kwamba ananyonywa, akaniambia atanyonywa zaidi nikiendelea kumchelewesha. Nikawaelimisha wajukuu juu ya haki ya kupumzika baada ya kula, nao, watoto wenye akili, wakakataa kuosha vyombo. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba watoto, humu ndani hakuna bepari. Humu nipo mimi na sufuria. Nenda nje ukatafute meneja wako."

Nikaenda. Nilikuwa nimesikia kwamba lile jumba letu la mikutano, tulimopangia mgomo mkubwa, chumba chake kimoja siku hizi kinatumika kuwafundisha wazee kuchora picha. Kuchora! Mahali palipotoka maazimio, sasa yanatoka maua! Nikaingia bila hodi, kidole tayari kiko hewani.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, kachomeka penseli kwenye nywele. "Umekuja kujiunga?" akaniuliza.

"Nimekuja kudai chumba hiki kirudi kwa umma."

"Basi kidai ukiwa umekaa, mzee. Unawazibia mwanga."

Nikakaa. Mezani palikuwa na birika jeupe la bati, limebonyea ubavuni. Kulia kwangu alikuwepo mzee aliyewahi kuendesha mabasi, tumwite Dereva, anachora kwa kipande cha mkaa, ulimi nje. Nikamchungulia. Alikuwa anachora kiatu.

"Hilo birika gani, bwana? Hilo ni buti la askari."

"Si uchore wewe."

Nikamnyang'anya mkaa nimsahihishe. Mdomo wa birika ukatoka umepinda. Nikaufuta. Ukatoka mrefu kama wa korongo. Nikaufuta tena. Mara nikashtuka Mwalimu anafunga madirisha, na wengine wameshaondoka, na mimi hotuba yangu sijaitoa. Katika maisha yangu sikuwahi kukitazama kitu muda mrefu kiasi kile bila kukilaumu. Na jambo moja likanitoa jasho: kivuli cha birika lile jeupe kilikuwa bluu. Bluu ileile niliyoikohoa. Ilikuwa imekaa pale ubavuni mwa bati, imetulia, haimdai mtu kitu.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniangalia usoni akaogopa. "Umetoka msibani?"

"Hapana."

"Mbona kimya?"

Tangu hapo sikukosa darasa. Naomba msinielewe vibaya, sikuwa na kipaji. Nilikuwa na kiu tu. Kila nilichochora kilitoka kimekasirika. Nikichora chungwa, linaonekana limeonewa. Nilimchora kuku wa jirani, na Nesi, mama mstaafu wa wodi ya wazazi aliyekaa nyuma yangu, akainama akatazama, akasema, "Kuku wako anahutubia." Darasa zima likacheka, mimi nikanuna, halafu njia nzima ya kurudi nyumbani nikawa nacheka peke yangu kama chizi. Nilikuwa naamka asubuhi nina haraka. Mzee mzima, magoti yamegoma, nina haraka ya kwenda kutazama birika!

Raha haina ulinzi. Siku moja mlango ukafunguka akaingia Geti.

Huyu lazima niwaeleze. Katika mgomo ule mkubwa tulikaa nje ya lango la kiwanda, mvua juu, njaa chini, watu wote idara zote. Asubuhi moja mfumaji mmoja akainuka kati yetu, akajifuta suruali, akaenda zake langoni na chakula chake kimefungwa kwenye kitambaa. Akaingia. Peke yake. Wiki haikuisha wakaingia na wengine, na mgomo ukaoza kama nyanya. Tukampa jina la Geti, na sikumsemesha tena. Kwenye misiba akikaa upande huu mimi nilikaa upande ule, na akihamia kwetu nilihamia kwa akina mama. Watu wa rika letu wamezeeka wakasahau. Mimi kusahau sikujaliwa.

Na sasa alikuwa anaulizia pa kukaa. Mwalimu akamwonyesha karibu na dirisha, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote. Bila shaka. Watu kama hao ndio hupewa dirisha.

Geti alichora polepole, anasafisha brashi yake kama anamwogesha mtoto. Nami kwa kuwa alikuwepo nikaamua kumfundisha historia. Nikachora mgomo wetu: lango, umati, ngumi juu. Ngumi nyingi sana. Mwalimu akasimama mbele ya picha yangu kitambo.

"Mikono naiona, mzee. Watu wako wapi?"

Juma lililofuata nikakuta Mwalimu ametundika picha ukutani, picha ya kwanza kutundikwa tangu darasa lianze. Ya Geti. Naye alikuwa amechora lango lilelile, ila kwa upande wa ndani. Bati kubwa la kijivu limejaa karatasi nzima, na chini kabisa, katika uwazi mwembamba kati ya bati na ardhi, miguu yetu. Miguu tu. Ndala, viatu vilivyofunuka midomo, tope. Na viatu vya mmoja vilifungwa kwa uzi mwekundu badala ya kamba. Sisi wa idara ya rangi ndio tuliofunga viatu kwa nyuzi, na mwenye uzi mwekundu nilikuwa mimi. Miguu ile ilikuwa yangu.

Nilisema hili ni suala la kanuni. Suala la kanuni ndilo jina la wivu ukiwa mbele ya watu. Ukweli ni kwamba picha ile ilikuwa nzuri mpaka ikaniuma. Ningeweza kusema, "Bwana, umechora." Maneno mawili hayo. Badala yake nikapanda juu ya kiti.

"Ndugu zangu! Ukuta huu ulisikia viapo vyetu! Leo unabeba kazi ya msaliti! Amekuja humu kama mamba, machozi mbele meno nyuma! Mamba, nasema! Na sisi tutakaa tumekodoa macho? Mpaka picha hiyo ishuke, hakuna brashi itakayolowa humu!"

"Tugome?" akauliza Dereva.

"Tugome!"

"Brashi zangu je, niziache?"

"Zana za kazi haziachwi mikononi mwa adui. Chukua!"

Nesi akakubali upesi, maana alikuwa anatafuta sababu ya kwenda kukaa kwa binti yake. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi hapa najitolea. Mkigoma, anayeumia ni nani?"

"Hiyo ndiyo lugha ya mabwana siku zote," nikamjibu, na tukatoka tukiimba. Niliimba mimi, kusema kweli. Dereva alisahau maneno.

Geti alikuwepo muda wote huo. Alisikia kila kitu. Alikuwa anafuta brashi.

Basi nikarudi nyumbani mshindi, nikakaa. Kesho yake nikakaa. Nikajaribu kuchora peke yangu kwa rangi iliyobaki ya mlango, nikamchora mke wangu ubavuni mwa kabati la vyombo akiwa amelala. Alipoamka aliitazama kazi yangu kwa muda, akauliza ni nani huyo aliyezama. Mikono ikaniwasha. Nilikuwa natazama kivuli cha kikombe mpaka chai inapoa. Usingizini nikachanganya rangi.

"Si uende," akasema mke wangu.

"Siwezi. Kuna mgomo."

"Kaitisha nani?"

"Mimi."

"Basi jiombe ruhusa."

Kisha Nesi akapita kwetu na habari. Mwenyekiti wa jumba amesikia kwamba chumba cha rangi kinakaa kitupu. Yupo fundi mmoja mwenye viti vya kukodisha kwa sherehe, anatafuta stoo. Siku ya darasa inayofuata mwenyekiti atapita kuangalia. Akikuta watu, chumba ni chao. Akikuta buibui, chumba ni cha viti.

"Wewe utaenda?" nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Mimi? Kiongozi wetu si ulisema tukaze? Nimekaza. Kesho nasafiri kwa binti yangu."

Na Dereva, nilipomfuata kwake, alikuwa amelala, na mkewe akasema tangu agome usingizi wake umekuwa mzuri ajabu, Mungu anibariki. Maisha yangu yote nimelilia wafuasi watiifu. Nilipokuja kuwapata, ndio hao.

Hivyo siku ya darasa ilipofika nikafunga brashi zangu ndani ya gazeti, nikamwambia mke wangu naenda kunyoa.

"Nywele zipi?" akauliza.

Nilipitia uchochoro wa nyuma, penye matundu ya vyoo, nimejiinamia kama mwizi wa kuku. Mkuki kwa nguruwe, nilikuwa najiambia, mkuki kwa nguruwe. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Ikabidi nizunguke mbele, na mbele, kwenye benchi lililo kando ya mlango, alikuwa amekaa Geti, sanduku lake la rangi magotini.

Nikaficha gazeti mgongoni. Brashi zikachungulia juu ya bega langu.

"Umekuja kukagua?" akasema.

"Nimekuja kukagua. Mgomo unaendaje?"

"Imara. Hajaingia mtu."

"Na wewe mbona uko nje?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Si kuna mgomo?"

"Mgomo ni juu yako, bwana!"

"Najua. Nilikuwepo ulipohutubia. Ulisema vizuri, ila pale kwenye mamba ulirudia."

"Mtu hawezi kujigomea mwenyewe!"

"Mimi ni mwanadarasa, na darasa limegoma. Safari ile nilipita, Kipaza. Safari hii sipiti hata mkinibeba."

Nikakaa ncha ya pili ya benchi. Nikamweleza habari za mwenyekiti na viti. Akasema amesikia. "Basi ingia!" nikamwambia. "Wewe ingia, bwana, chumba kipone!" Jamani, mtu niliyemlaani ujana wangu wote na uzee wangu kwa sababu ya kuingia, leo nilikuwa namsihi aingie.

"Ingia wewe."

"Mimi ndiye niliyeitisha."

"Basi ufute."

"Haya, nimeufuta."

Akatikisa kichwa. "Mgomo ni mali ya wote. Haufutwi na mtu mmoja aliyechoka. Nani alisema hivyo?"

Nilisema mimi. Nilisema nimesimama juu ya pipa, nikimsema yeye.

"Basi tupige kura," nikasema. "Anayetaka uishe?" Nikanyoosha mkono. "Anayetaka uendelee?" Akanyoosha wake, taratibu, mpaka juu kabisa.

"Kura zimelingana," akasema. "Na zikilingana?"

"Msimamo wa kwanza unabaki," nikajibu, meno nimeyauma.

"Ahaa."

"Unafanya makusudi."

"Kidogo," akasema, na ndipo nikaona kwamba ana mwanya.

Harufu ya mafuta ya rangi ilikuwa inatoka chini ya mlango. Nikamuuliza swali ambalo kwa miaka yote nililijibu mimi mwenyewe, majukwaani, bila kumuuliza mwenyewe. "Kwa nini ulipita siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa tu. Watu wakinisikiliza huwa wanasubiri niseme mtoto alikuwa mgonjwa. Hakuna mtoto aliyekuwa mgonjwa. Niliamka nikaona siwezi tena kukaa pale. Basi."

"Na huko ndani?"

"Kubaya zaidi. Mashine zote kimya. Nilikaa chini nikatazama miguu yenu mpaka jioni."

Nilikuwa na majibu ya kila kisingizio. Nilikuwa nimeyaandaa, yamepangwa kama risasi. Hili la mtu kusema ameogopa, akaishia hapo, sikuwa nimeliandalia kitu.

Ndipo tukawaona wanakuja kule mwisho wa barabara: mwenyekiti, na nyuma yake fundi wa viti ameshika utepe wa kupimia, ameshauvuta tayari, anapima hewa. Nitakuwa mwongo nikisema niliwaza umoja wa wafanyakazi au historia ya jumba. Niliwaza kwamba wakiweka viti mle ndani sitachora tena, na nitakufa nabishana na redio.

Nikainuka nikajifuta suruali.

Nyimbo za kuwazomea wanaovunja mgomo nilizitunga mimi, zile kali zote. Nazijua beti zote. Kutoka benchi hadi mlangoni si mbali, lakini zote zilipita kichwani mwangu. Mgongo wangu ukawa mpana kama ukuta, kila tusi linapata pa kugonga. Nikasubiri Geti azomee. Haki yake. Nilimwachia hata nafasi, nikachelewa kidogo kwenye kizingiti.

"Angalia ngazi hiyo," akasema nyuma yangu. "Imelegea."

Ndani Mwalimu alikuwa peke yake, anachonga penseli. "Mgomo umeisha?"

"Haujaisha. Nimeuvunja."

"Haya, kaa. Mwanga unaondoka."

Hakuna alichoweka mezani, kwa vile hakumtarajia mtu. Nikafungua gazeti langu nikatafuta cha kuchora. Picha ya Geti bado ilikuwa ukutani nyuma yangu. Sikugeuka kuitazama. Ilikuwa nzuri, nami nilikuwa na kazi. Dirishani alionekana mwenyewe, uso umegeukia kwangu kidogo, amekaa wima na sanduku lake. Nikashika mkaa.

Mwenyekiti akaingiza kichwa. "Mwalimu, ndio darasa hili? Mtu mmoja?"

"Wawili," nikasema bila kugeuka. "Yule pale nje ndiye anayechorwa."

"Mimi niko kwenye mgomo!" Geti akapaza sauti kutoka nje.

"Anasemaje?"

"Anasema asisumbuliwe, ameshakaa mkao."

Nadhani mwenyekiti alimtazama Geti, akanitazama mimi, akautazama mkaa uliokuwa umeshanipaka mpaka puani. Sikumwona usoni, lakini nilimsikia anavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayehesabu wazee aliobaki nao duniani. Akamwambia fundi akunje utepe wake, atafutiwe chumba kingine. Fundi akanung'unika njia nzima kuhusu wazee wasiokaa nyumbani. Siku nyingine ningetoka nikamjibu.

"Wameondoka?" Geti akauliza kupitia dirishani.

"Wameondoka. Sasa unaweza kuingia."

"Nimeshakwambia siingii."

"Basi usigeuze shingo."

"Nageuza kwa ajili ya nani? Mimi nipo mpaka jioni."

Kwa kweli alikaa. Nami nikagundua tatizo. Adui yangu wa maisha nilikuwa namjua kwa mgongo. Mgongo wake ningeuchora nimefumba macho, na suruali, na kile kitambaa cha chakula. Uso sikuwa nao. Sikujua kwamba nyusi zake zimekutana, wala kwamba shavu moja limeingia ndani kuliko lingine, wala kwamba akikaa kimya midomo yake inacheza kama anayesoma. Nikachora shavu. Mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama, akaendelea na safari yake, na kwa mwalimu yule hiyo ni sifa.

"Umefika wapi?" akauliza Geti.

"Sikioni."

"Linakwendaje?"

"Limekataa. Linatoka kama mpini wa kikombe."

"La baba yangu lilikuwa hivyohivyo," akasema. "Futa tu, bwana. Uanze tena."

Nikafuta, nikaanza tena.